MIRUNGI SIO "MAJANI TU" (Sehemu ya 4)

Mama zangu, nimerudi. Sehemu iliyopita niligusia mirungi kwa mstari mmoja tu, meseji zikajaa. Wengi mliniandikia kitu kimoja: "Nesi, mbona yale ni majani tu? Huku milimani watu wanatafuna na wanaishi." Leo najibu, na najua kuna watakaonuna.

Kisheria Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya, na DCEA wameshapanda huku Same zaidi ya mara moja kung'oa na kuchoma mashamba. Ukivuka Kenya, Meru wanauza wazi. Basi mtu anasema, kama kule ni halali, ubaya uko wapi? Mambo ya mpaka nawaachia wenyewe. Mimi naongea ya mwilini, na moyo wa mtu wa Meru na wa mtu wa Suji ni uleule.

Ndani ya jani bichi kuna kemikali inaitwa kathinoni, inayofanya kazi karibu sawa na amfetamini. Inaufanya ubongo umwage kwa wingi vitu vya kuleta raha na kuuamsha mwili. Mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda, njaa inakata, choo kinakuwa kigumu. Mtu anaongea mpaka povu, usiku huohuo ameshajenga ghorofa. Jani likinyauka nguvu inapungua, ndiyo maana yanafungwa kwenye majani ya mgomba na kukimbizwa.

Kisha raha inashuka. Hasira, huzuni, mwili umechoka lakini usingizi hauji, kwa hiyo anatafuna tena. Akienda hivyo siku kadhaa bila kulala, anaweza kuanza kusikia anaitwa na hakuna mtu, kuona jirani anamfuatilia, kukataa chakula eti mkewe kaweka sumu. Sio kila mtafunaji anafika huko; hatari zaidi ni kwa anayetumia nyingi mfululizo, au aliyewahi kuugua akili. Lakini ikifika, nyumbani wanasema karogwa, anazungushwa kwa waganga wiki nzima. Jamani, mleteni hospitali, na mtaje mirungi mlangoni. Mkiificha tunaanza kupapasa gizani.

Sasa nije kwenu. Niliwahi kumpokea mama mwenye kichanga cha wiki sita. Mtoto halali, analia, hatulii hata titi likiwa mdomoni. Mara ya kwanza tukaangalia tumbo, mara ya pili masikio. Mara ya tatu ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini kabisa: usiku anafanya kibarua cha kufunga mirungi, na anatafuna kidogo ili asisinzie. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomliza mtoto. Ila najua kwamba Yemeni, ambako wanawake wengi wanatafuna, kemikali za mirungi zimeonekana kwenye maziwa ya mama na kwenye mkojo wa mtoto anayenyonya. Na tafiti za hukohuko zimeonyesha wajawazito wanaotafuna wanazaa watoto wenye uzito mdogo zaidi. Ongeza na ile njaa inayokata: mama hali, na ana mtoto wa kunyonyesha!

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema, "Niliogopa utaita polisi."

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kwenye kliniki ya mama na mtoto tunawauliza kuhusu chandarua, tunawapima presha, tunawagawia vidonge vya damu. Huku Same, swali la mirungi lilipaswa kuwa la kawaida kama la chandarua, linaulizwa kila mama, bila kukunja uso. Manesi wenzangu mnaonisoma, mkimfokea anayesema ukweli, wa nyuma yake kwenye benchi ameshajifunza kudanganya. Polisi wana kazi yao. Sisi yetu ni presha yako na uzito wa mtoto.

Na nisijifanye sijui kwamba shamba hilohilo ndilo limelipa ada za watoto wengi. Tangawizi ya Mamba Miamba imewasaidia wengine, ila sio kila mlima una maji yake na soko lake. Anayeng'oa mche, amwonyeshe na mama atapanda nini.

Kama unatafuna na unanyonyesha, usimwachishe mtoto kwa hofu. Acha majani, endelea kuja kliniki, mwambie nesi. Siku za mwanzo utasinzia sana, utakosa raha, unaweza kuota ndoto mbaya. Mwombe mtu akusaidie mtoto siku hizo. Kama una mimba na umetafuna, halafu kichwa kinauma sana au macho yanaona giza, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo siku hiyohiyo.

Sehemu ya 5 ni ya wale waliouliza, "Mume ndiye anayetafuna, mimi nifanyeje?" Mpo wengi kuliko nilivyodhani. Nipeni mpaka Jumapili, wiki hii niko zamu ya usiku.