Moyo Ushatengenezwa, Stima Ndio Inaleta Noma

Wafuasi wa boli pale Gatwekera wanamjua Marc-Vivien Foé. Juni 26, 2003, pale Lyon, Cameroon wakikipiga na Colombia, jamaa alianguka dakika ya 72 na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 28. Ilipatikana msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa. Hii ugonjwa inakadiriwa kushika mtu 1 kati ya 500, na wengi hawana hata rada.

Wengine huo msuli huwazibia njia ya damu. Dawa zikigoma, unapasuliwa kifua ukuta upunguzwe, ama daktari anapitisha mrija mwembamba kwa mshipa hadi kwa moyo, anamwaga mililita chache za alkoholi safi (si chang'aa, tulia) ndio hiyo nyama ife. Hii ya pili Ulrich Sigwart aliianzisha London, 1994.

Sasa hapa ndio kuna kazi. Moyo una stima yake, na nyaya zinapita ndani ya huo ukuta unachomwa. Alkoholi mara mingi hugonga waya wa kulia. Kama wa kushoto ulikuwa ushaharibika, zote zinazima, mapigo yanashuka, msee anazirai. Karibu mtu 1 kati ya 10 wa hii njia huishia kuwekewa pesimeka, ile mashine ndogo ya betri inayoushtua moyo upige. Kupasuliwa huwa na hatari kidogo kwa hiyo ya stima, lakini kifua ni kifua.

Na hizo nyaya zinaweza zima siku kadhaa baadaye. Ndio maana unawekwa kwa mashine hata kama unajiskia fiti. Ukitoroka wodi juu bili inapanda, ukazirai saa nane usiku kwa kichochoro cha Gatwekera, hakuna ambulensi itafika mlangoni. Mabeshte watakubeba hadi barabarani, na kuna mmoja atasema ni njaa.

Doo nayo? SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini wa jua kali anatakiwa alipe ya mwaka mzima. Betri ya pesimeka hukaa miaka kama 10 hivi, kisha inabadilishwa. Kwa hivyo kabla mathe aweke sahihi, muulize daktari: pesimeka ikihitajika, SHA inalipa ngapi, na hiyo ingine inatoka kwa nani?