Jumba la Magurudumu Manne

Bila shaka umepata kuliona katika sinema: gari la Kimarekani refu kama jahazi, boneti yake pana kama kitanda cha watu wawili. Cadillac Eldorado ya mwaka 1976 ilikuwa na injini ya lita 8.2, ilhali gari dogo la familia hutosheka na lita moja na kitu. Mafuta yalikwisha panda bei tangu mwisho wa 1973, lakini wapenzi wake hawakujali.

Mwaka huo ilitangazwa kuwa Eldorado ndilo gari la mwisho la paa la kukunjwa kuundwa Marekani. Yaliundwa yapata 14,000, yakagombewa. Wako walioyafungia bandani bila kuyaendesha, wakingoja thamani ipande. (Gari la kuvua paa, kulifunika turubai!) Kumbe katika matoleo ya 1984 Cadillac ikaleta Eldorado nyingine ya paa la kukunjwa. Baadhi ya wenyewe wakakimbilia mahakamani kudai wamedanganywa. Aliyelinunua kwa ajili ya kupunga upepo, yeye alikwisha kuupunga miaka minane.