Ufunguo Uko kwa Mwenyekiti

Kanisa letu hapa Nakuru, ambalo jina lake naliacha kwa heshima ya waumini wenzangu, limepata mashine ya kushtua moyo. Vijana wetu walio Marekani walichangishana, wakainunua, wakampa mwenzao aliyekuwa akija likizo, naye akaileta kwenye begi la mkononi. Ni kijisanduku chekundu kisichofika kilo mbili. Kamati iliijadili kwa dakika arobaini, kisha ikaamua: ifungiwe kwenye kabati la chuma ofisini, pamoja na hati za ploti na vikombe vya ushirika, na ufunguo ukae kwa mwenyekiti.

Sijawahi kuona upuuzi uliopitishwa kwa adabu kiasi kile. Palikuwa na aliyependekeza, akapatikana wa kuunga mkono, na sala ya kufunga ikasomwa.

"Mzee," nilimwuliza mwenyekiti tukitoka, "mtu akianguka Jumanne saa mbili usiku, kwaya ikiwa mazoezini, itakuwaje?"

"Mwalimu, si mtanipigia simu? Mimi silali mapema."

Anaishi ng'ambo ya barabara kuu ya Nairobi, na yeyote anayeijua barabara hiyo jioni ameshanielewa.

Wala si sisi peke yetu. Nimeulizauliza mjini. Mahali pawili nilipoambiwa mashine kama hii ipo, pa kwanza nilielekezwa kwenye droo ya meneja, na meneja alikuwa amesafiri. Pa pili ilikuwa katika chumba cha nesi ambaye kazi yake huisha saa kumi na moja jioni. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kaunti nzima ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili katika sensa ya 2019. Jiji linalotunza mashine chache lilizonazo kwa mtindo huu halina mashine.

Tangu Raila Odinga aanguke katika matembezi ya asubuhi huko Koothattukulam, Kerala, tarehe 15 Oktoba 2025, habari za moyo zimekuwa gumzo hata kwenye stegi za bodaboda. Alikuwa na daktari wake karibu, akakimbizwa hospitali, na bado tukampoteza. Nalitaja hilo mapema ili asije mtu akasema nauza miujiza. Wapo wasiookolewa na lolote. Ninaowatetea hapa ni wale ambao wangepona.

Watu huchanganya mambo mawili. Mshtuko wa moyo ni mshipa wa damu ulioziba: mgonjwa anashika kifua, jasho linamtoka, ila mara nyingi bado anaongea na muda wa kumfikisha hospitali upo. Moyo kusimama ni balaa lingine. Umeme unaouongoza moyo unavurugika, misuli inatetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, na mtu anaanguka papo hapo. Huenda akakoroma mara mbili tatu, na hapo ndipo tunaposema "bado anapumua" au "ni kifafa", tukaanza kutafuta kijiko. Ule mkoromo si kupumua. Ni ubongo ulioishiwa hewa. Kuanzia hapo, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Niliyaona haya kwa macho yangu miaka miwili iliyopita, katika ukumbi wetu huohuo, siku ya harambee. Mzee mmoja alisimama kutoa ahadi yake, akataja elfu tano, akapigiwa makofi, akakaa, kisha akateleza polepole kutoka kwenye kiti cha plastiki. Tulimlegeza tai. Tukampepea kwa karatasi za ratiba. Mama mmoja akammwagia maji. Mtu akapaza sauti, "Mpeni hewa!" nasi sote tukarudi nyuma hatua moja, halafu tukasogea mbele tena. Hakuna aliyemgusa kifua. Tulimbeba wanne hadi kwenye Probox, viatu vyake vikitokeza mlango wa nyuma, na hapo langoni tukakwama tukimtafuta mwenye gari lililoziba njia. Kule hospitali daktari alimpima shingoni, akatutazama, akauliza alianguka saa ngapi. Hakuna aliyejua.

Vijana wa Marekani waliposikia habari hiyo ndipo walipoanza kuchanga.

Wanaounga mkono kabati wana yao, na haki yao niwape. Wanasema zahanati zetu hukosa glavu na dawa za presha, kwa hiyo tunahangaikia nini mashine inayokaribia bei ya pikipiki mpya? Ni swali la haki. Kwa pesa za kaunti, ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua dawa za presha bila kusita. Lakini hii yetu imeshanunuliwa. Hakuna glavu itakayopatikana kwa kuifungia.

Wanasema pia kwamba mtoto au mlevi anaweza kuichezea akamshtua mtu mzima wa afya. Hoja hii hutolewa na watu ambao hawajafungua kifuniko. Mimi nilikifungua. Ndani mna vibandiko viwili vyenye picha: kimoja cha chini ya mtulinga wa kulia, kingine cha ubavuni kushoto chini ya kwapa. Ukishavibandika, mashine yenyewe huusoma moyo. Ukiwa unapiga vizuri, hukatalia hapo, bonyeza utakavyo. Ikiona ule mtetemeko, inawaambia watu wote wasimguse mgonjwa, kisha ndipo inaruhusu kitufe. Aibu pekee niliyoiona ni kwamba hii yetu inaongea Kiingereza cha Marekani kwa haraka, na nusu ya mama zetu wa mbogamboga wangebaki wakitazamana. Dawa yake ni karatasi moja yenye michoro na Kiswahili, ibandikwe kwenye kifuniko. Nimeiandika mwenyewe, imekuwa mistari sita.

Sasa tuje kwenye kufuli.

Jumatano iliyopita nilifanya jaribio. Nilimwarifu mwenyekiti mapema, ili lisionekane ni la kumtega. Saa tano asubuhi nilisimama ukumbini, nikawasha saa ya simu, nikamtuma kijana wa bodaboda aende kwake, achukue ufunguo, arudi, afungue ofisi, afungue kabati, alete kisanduku. Dakika 11 na sekunde 20. Na hapo mwenyekiti alikuwa nyumbani, ameshavaa viatu, ufunguo mkononi, barabara nyeupe. Chukua zile asilimia 7 kwa dakika, hesabu ya huruma kabisa, uzizidishe kwa 11. Ukitumia asilimia 10, umeshavuka mwisho wa hesabu. Kisha fikiria akiwa shambani Njoro, au simu imezima, au Jumapili jioni magari yamesimama kuanzia Gilgil.

Haya hayakuanza nasi. Watafiti wa Copenhagen walikagua mashine zilizowekwa mahali pa umma katika jiji lao, wakalinganisha na mahali na saa ambapo mioyo ya watu ilisimama hadharani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Jioni, usiku na wikendi, zaidi ya nusu ya ulinzi ambao mashine hizo zingetoa ulipotea kwa sababu majengo yalikuwa yamefungwa, na saa hizohizo ndizo zilizobeba karibu asilimia 62 ya visa. Hiyo ni Denmark, nchi yenye pesa, mashine nyingi na barabara zisizo na msongamano wa kwetu. Mlango uliofungwa uliwashinda. Sisi tumeongeza kabati juu ya mlango, na mzee juu ya kabati.

Tazama upande wa pili. Katika kasino za Las Vegas, walinzi wa kawaida, si madaktari, walifundishwa kutumia mashine hizi zikiwa karibu nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na ule mtetemeko wa moyo, walioshtuliwa ndani ya dakika tatu tangu kuanguka walipona asilimia 74. Waliocheleweshwa kupita hapo, asilimia 49. Uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, ulizitundika ukutani kwenye vijikabati visivyo na ufunguo, ambavyo king'ora hulia ukivifungua. Kwa miaka miwili watu 11 waliokolewa katika viwanja vya ndege vya jiji hilo, na katika visa 6 kati ya hivyo waokoaji hawakuwa na mafunzo wala uzoefu wa kuitumia mashine hiyo.

Mwaka 1965, daktari Frank Pantridge wa Belfast alipakia mashine ya kushtua moyo kwenye ambulensi. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 na iliendeshwa kwa betri za gari. Aliihangaikia kwa sababu aliona watu wakifa kabla ya kufika kwake. Kazi yote ya maisha yake ilikuwa kuitoa mashine hospitalini kuipeleka walipo watu. Sisi tumepokea mtoto wake wa kilo mbili kutoka ng'ambo, tukamgeuza njia, tukamfungia.

"Wezi, Mwalimu." Hilo ndilo jibu ninalopewa kila nikifungua mdomo. Haya, wezi. Kinanda, spika nne na mikrofoni za kwaya vina thamani mara kadhaa ya mashine hii, na vyote hulala ukumbini vikilindwa na askari wetu wa lango na kufuli la mlango wa mbele. Mtungi wa kuzimia moto umetundikwa penye ngazi, na hakuna aliyependekeza ukae chumbani kwa mweka hazina. Mbona wezi hawa wanakuja kwa kisanduku kimoja tu? Wekeni mashine kwenye kibanda cha askari, ambaye yupo usiku na mchana. Mfundisheni mchana mmoja. Mwizi atakayeichukua ataiuza kwa nani hapa Nakuru?

Tusidanganyane. Ufunguo ni cheo. Nimefundisha miaka 31, nimeona maktaba zilizofungwa ili vitabu visichafuke na maabara ambazo wanafunzi walizijua kwa kuchungulia dirishani. Nimepanda matatu ambazo sanduku la huduma ya kwanza, ambalo sheria inalitaka, lilikuwa na bisibisi na gazeti la wiki jana. Kwetu mali ya umma huhesabiwa kuwa salama pale isipotumika, na anayeshika ufunguo husalimiwa kwanza. Kwa vitabu, hasara yake huonekana baada ya miaka. Kwa moyo uliosimama inaonekana kabla chai haijapoa.

Basi hili lisiachiwe kamati za makanisa. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeingiza huduma ya kabla ya kufika hospitali ndani ya matibabu hayo, na taasisi ya matibabu inayomnyima mgonjwa huduma inayoweza kuitoa inatozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Soma vizuri: taasisi ya matibabu. Kumbi, masoko, stendi na viwanja havimo. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti huduma za ambulensi, kwa hiyo Bunge la Kaunti ya Nakuru haliwezi kusema kazi hii ni ya Nairobi. Ninachokiomba ni kifungu kimoja: mashine yoyote ya kushtua moyo iliyo katika jengo linaloingiwa na umma iwe mahali pa wazi, isifungwe, na mahali ilipo paandikishwe ili anayepokea simu za dharura aweze kumwelekeza mpigaji. Hakuna anayelazimishwa kununua. Asiyenayo hana la kuvunja.

Mashine nyingine zikipatikana, naomba nipendekeze Kikopey, kwenye nyama choma ya kando ya barabara kuu. Wanaume wa miaka hamsini na kitu, waliokaa garini saa mbili, wakashuka kula mbuzi na kupandisha sauti juu ya siasa: sijui pahali pengine katika Bonde la Ufa panapoijaribu mioyo kwa bidii kama pale. Kisha vituo vya mafuta vinavyokesha, kuanzia Mai Mahiu hadi Salgaa. Kila mwaka Safari Rally ikija Naivasha, helikopta na madaktari hujaa kwa ajili ya madereva, na Jumapili jioni huondoka. Sisi hubaki.

Na mikono. Mashine bila mtu wa kukandamiza kifua kabla haijafika ni nusu ya kazi. Kati ya viganja viwili na katikati ya kifua hakuna cha kununua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, bila kuogopa. Denmark ilianza kulifundisha hilo shuleni mwaka 2005, na mwaka uliofuata kwa kila anayetafuta leseni ya udereva. Kati ya 2001 na 2010, waliosaidiwa na watu wa karibu waliongezeka kutoka asilimia 21 hadi 45, na waliokuwa hai baada ya siku 30 kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Mzee wetu wa elfu tano alikuwa amezungukwa na watu themanini.

Kamati inakutana tena Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Nimeandika barua ya kuomba ajenda moja, nikaambatanisha zile dakika 11 na sekunde 20. Vibandiko vya mashine yetu vina tarehe ya mwisho wa matumizi, kama dawa yoyote. Nimeviangalia: vimebakiza miezi kumi na tisa.