Doha yakataza mpira, yasahau ndoo

Qatar haina mto hata mmoja, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100, na karibu maji yote ya bombani Doha yalikuwa ya bahari kabla ya kuondolewa chumvi katika mitambo ya Ras Abu Fontas, Ras Laffan au Umm Al Houl. Ndiyo maana Sheria Na. 26 ya 2008 ilipiga marufuku kuosha gari au ua wa nyumba kwa mpira wa maji ya kunywa, na marekebisho ya 2015 yakapandisha faini hadi riyali 20,000, yaani zaidi ya dola 5,400 za Marekani. Ni sheria nzuri, ila imemlenga zaidi mwenye nyumba yenye bomba nje ya geti. Anayeishi ghorofani hana hata pa kuunganisha mpira. Gari lake huoshwa kwa ndoo na kitambaa, katika maegesho ya chini ya jengo au ya duka kubwa, na kijana aliyetoka Nepal, Bangladesh, Kenya au Uganda. Kwa kuwa ndoo si mpira, hakuna anayeiuliza swali. Nami nasema hapo ndipo dawa za kuoshea gari bila kusuuza zinapostahili kuingia: ndani ya ndoo hiyo hiyo, na kwa gharama ya mwenye gari.

Dawa hizi ni za aina mbili, ingawa wauzaji hupenda kuzizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja. Ya kwanza hunyunyiziwa kwenye bodi moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kisha hupanguswa. Gari dogo halimalizi lita moja. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoitetea, huchanganywa na maji kwenye ndoo. Kwa Optimum No Rinse, mojawapo ya zinazojulikana zaidi, mililita 30 hivi hutosha lita 7 na nusu za maji. Haitoi povu la kusuuzwa, na viungo vyake huizunguka chembe ya vumbi na kuifanya iteleze badala ya kukwaruza. Muoshaji huanza na paa, humalizia sehemu za chini zenye uchafu mwingi, na kila anapopita hukausha papo hapo. Mpira wa kawaida hutoa kati ya lita 10 na 20 kwa dakika, kwa hiyo ukiachwa wazi kwa dakika 10 tu umekwisha kumwaga lita 100 au hata 200.

Wapenzi wa magari wanazikataa kwa hoja yenye uzito, nayo ni vumbi. Upepo wa shamal, hasa Juni na Julai, huleta vumbi lenye chembe za kwatzi, madini magumu kuliko vanishi inayolinda rangi ya gari, na vanishi yenyewe ni nyembamba mno. Kisha huja unyevunyevu wa Agosti na Septemba, vumbi likalowa usiku na kukauka asubuhi kama tope juu ya boneti. Kulipangusa tabaka hilo kwa dawa ya kunyunyizia peke yake ni kupiga msasa rangi ya gari. Hilo halina ubishi, na muuzaji anayedai chupa yake inafaa kwa hali zote hasemi kweli. Baada ya dhoruba ya vumbi, gari lipelekwe kwenye kituo chenye mashine ya presha, basi. Lakini wanaotoa hoja hii huilinganisha dawa na uoshaji wa kifahari, wenye povu zito na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Ni magari mangapi ya Doha yanayoonja uoshaji huo? Mshindani halisi ni ndoo moja ya maji yaliyokwisha kugeuka rangi, inayohamishwa kutoka gari hadi gari, na kitambaa kilichopita kwenye rimu kabla ya kurudi mlangoni. Zile alama za mviringo zinazojitokeza kwenye magari meusi yakipigwa na jua hutokana na uoshaji wa namna hiyo.

Wengine watasema Qatar ni tajiri, gesi ipo, maji yanatengenezwa, na kwa miaka mingi raia wamepewa maji ya nyumbani bila malipo. Hapa watetezi wa dawa hizi nao hutia chumvi. Mtambo wa kisasa wa kuchuja maji ya bahari kwa utando hutumia umeme wa kilowati-saa 3 hadi 4 hivi kwa lita 1,000, kwa hiyo lita 200 za kuoshea gari hazili hata umeme wa kiyoyozi cha chumba kimoja kwa saa moja. Mitambo ya zamani ya kuchemsha maji hula nishati zaidi, na maji makali ya chumvi hurudishwa katika Ghuba ambayo kina chake cha wastani ni mita 35 tu, lakini bado gari moja ni jambo dogo. Hesabu hubadilika ukiangalia akiba. Mabwawa makubwa ya saruji yaliyozinduliwa Desemba 2018 yalijengwa ili nchi iwe na maji ya siku 7 hivi endapo mitambo itasimama, labda kwa mafuta kumwagika baharini. Nchi inayohesabu uhai wake kwa siku 7 ina sababu ya kujizoeza mapema. Cape Town ilijifunza ikiwa imechelewa: mwaka 2018, kila mkazi alipowekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, kuosha gari nyumbani kwa maji ya bomba kulikatazwa, na dawa zisizohitaji maji zikawa miongoni mwa njia zilizoruhusiwa.

Pingamizi gumu zaidi ni la pesa. Kima cha chini cha mshahara Qatar, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hatoi huduma hizo. Mtu wa mshahara huo hawezi kuambiwa ajinunulie dawa na vitambaa vya mikrofaiba vya kutosha, halafu alaumiwe gari likichubuka. Na vitambaa ndivyo roho ya kazi: bila kimoja safi kwa kila upande wa gari, dawa bora inabaki maji ya ndoo tu. Ni kweli vitambaa hivyo vinafuliwa kwa maji, na kila vikifuliwa huachia nyuzi za plastiki. Lakini mzigo mmoja wa mashine hutosha magari kadhaa. Muoshaji mwenyewe hapotezi kibarua, kwani kazi hii bado inataka mikono, tena inampunguzia safari za kwenda kuchota maji mapya. Wasimamizi wa majengo, ambao ndio huingia mikataba na kampuni za usafi, waandike humo aina ya dawa, idadi ya vitambaa kwa kila gari na nani anavifua, na mwenye gari aongezewe riyali hizo chache kwenye bili yake ya mwezi.