Jengo refu tulipime kuanzia mlangoni

JICHO LA JIJI
Na Mwanaisha Kombo

Kila inapochapishwa picha mpya ya minara ya Nairobi, ubishi huwa ule ule: mrefu kuliko yote ni upi? Jibu linajulikana. Ni Britam Tower ulioko Upper Hill, uliokamilika 2017 ukiwa na urefu wa mita 200, na kileleni kumewekwa vinu vya kuzalisha umeme kwa upepo. Jirani yake kuna UAP Old Mutual Tower wa orofa 33. Jijini kati bado Times Tower, makao ya Mamlaka ya Ushuru, inajivunia orofa zake 38.

Ningependa tubishane kuhusu jambo jingine. Mwananchi asiye na ofisi wala miadi ndani ya minara hiyo anafaidika nini nayo? Tukitumia kipimo hicho, jengo bora la Nairobi lina umri wa zaidi ya nusu karne na urefu wake ni mita 105 tu.

Ninazungumzia KICC. Lilianza kujengwa miaka ya 1960 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik wa Norwe, akishirikiana na msanifu wetu David Mutiso. Awali lilinuiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Kisha Nairobi ikapewa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia wa 1973, na mpango ukapanuliwa ili wageni wapate ukumbi wa kutosha. Tukapata mnara wa orofa 28 wenye rangi ya udongo mwekundu, na ubavuni mwake ukumbi uliochongoka kama paa la msonge.

Uzuri wake mkubwa, hata hivyo, ni kwamba mtu wa kawaida anafika. Uwanja wake uko wazi mbele ya jengo. Familia za wanaohitimu hupigwa picha pale, wazee wakiwa wamevaa suti zao za sherehe. Unalipa kiingilio, unapanda lifti, unamalizia kwa ngazi hadi paani, na jiji lote liko chini yako: Bunge, reli, vilima vya Ngong. Mtoto kutoka Mathare anasimama mahali pale pale anaposimama waziri. Mwaka 2003 serikali mpya ya NARC ililitoa jengo hilo mikononi mwa KANU na kulirudisha kwa umma. Ule ulikuwa uamuzi mwema.

Tazama sasa Nyayo House, pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue. Ina orofa 27, na wengi tunaijua kwa foleni za pasipoti. Lakini katika utawala wa Rais Moi, chini ya jengo hilo hilo waliokosoa serikali walifungiwa katika vyumba vya giza, wakamwagiwa maji na kuteswa, huku juu yao makarani wakipiga mihuri na barabarani watu wakikimbilia matatu. Anayetaka kujua jengo limewafanyia nini wananchi asianze kuhesabu orofa. Aanze chini.

Minara ya leo haitesi mtu, na si haki kuilinganisha na unyama ule. Kosa lake ni kumpa mpita njia kisogo. Kuna sababu, na ni nzito. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliua watu 213 hapa Nairobi, likaangusha Ufundi House na kuvunja vioo vya Co-operative House. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka walinzi waondolewe. Lakini kumkagua mtu ni jambo moja, na kumzuia kabisa ni jingine.

Nenda Upper Hill saa saba mchana uone. Makarani wanateremka na kadi zao za kazi shingoni, wanavuka lango, na hapo hapo njia ya miguu inaisha. Wanatembea ukingoni mwa lami, matatu zikiwapita kwa karibu, hadi kwenye vibanda vya mabati ambako mama anapakua chapati na maharagwe. Aliyelishika jengo lile tangu asubuhi ni huyo mama, lakini mchoraji hakumtengea hata sehemu ya kuwekea jiko.

Serikali ya Kaunti ina uwezo wa kubadilisha hali hii, kwa kuwa ndiyo inayotoa idhini ya ujenzi. Upper Hill ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye bustani. Kibali cha kuongeza orofa kilipandisha thamani ya ardhi ile, ilhali barabara, maji na mitaro ya majitaka ni mali yetu sote. Ni haki tudai malipo. Kila mnara mpya utoe njia pana ya miguu yenye kivuli, orofa ya chini yenye maduka na mikahawa ya bei nafuu inayofungukia barabarani, na orofa moja au paa ambapo raia yeyote anaweza kupanda kwa ada ndogo baada ya kukaguliwa. Wawekezaji watalalamikia gharama. KICC imetoza kiingilio miaka mingi na watu wanalipa.

Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa The Pinnacle huko huko Upper Hill, mnara wa orofa 70 uliotarajiwa kuwa mrefu kuliko yote barani. Mzozo wa ardhi ukaupeleka mahakamani na kazi ikakwama. Mwekezaji mwingine atakuja na ndoto kama hiyo, na ninamtakia heri. Lakini atakapofungua michoro yake mbele ya maafisa wa Kaunti, wasimruhusu kuwaonyesha kilele kabla hajawaeleza wananchi wataingilia wapi.