FUNGUO ZIKITOKA ARUSHA ZITAKWENDA WAPI?

Ndugu wafanyakazi wa Mwingi,

Kila panapozuka ugomvi wa biashara mpakani, husikika sauti sokoni na stendi: "Kenya ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mamlaka yarudi nyumbani!" Sisi twauliza: nyumbani kwa nani?

Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999, kifungu cha 145, wasema nchi yaweza kujitoa ikiwa theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la taifa wamekubali, na notisi ya miezi 12 imetolewa. Kaunti haitajwi hapo. Gavana wa Kitui hana kura, wala mfanyakazi wa Mwingi hana.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kilimo, afya, masoko na leseni za biashara. Ushuru wa forodha na biashara ya nchi za nje vilibaki kwa serikali ya taifa. Basi uwezo wa kupanga ushuru ukitoka Arusha hautafika Mwingi, utaishia Nairobi. Kaunti itampa mkulima wetu mbegu za ndengu, lakini ndengu zipi ziingie mpakani, na kwa ushuru gani, haitaulizwa.

Tazameni Uingereza. Ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Scotland na Wales tayari zilikuwa na mamlaka juu ya kilimo na mazingira, zikatazamia kuongezewa. Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Soko la Ndani: bidhaa iliyoruhusiwa kuuzwa upande mmoja, upande mwingine usiizuie. Mabunge ya Scotland na Wales yalikataa kutoa idhini. London ikapitisha. Nayo Mahakama ya Juu ilikwisha kusema mwaka 2017 kwamba desturi ya kuomba idhini hiyo haiwezi kudaiwa mahakamani.

Hata sisi tuna kovu letu. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Reli, bandari na posta zikashikwa na serikali tatu, kila moja katika mji wake mkuu. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, miaka 7 baadaye. Watumishi wa zamani nchini Tanzania walikuwa wangali wakidai haki zao katika miaka ya 2000.

Hatusemi Jumuiya haina kasoro. Twasema mamlaka yasiyoandikiwa mwenyewe huchukuliwa na mwenye nguvu. Kwa hiyo twadai: azimio lolote la kujitoa lipite pia Seneti, yaliko macho ya kaunti, kila uwezo unaorudi uandikwe ni wa nani, na mishahara, kazi na malipo ya uzeeni ya wafanyakazi yalindwe kabla ya sahihi, si baada yake.

Ndugu, jadilini jambo hili katika mikutano ya matawi. Anayekuja kutuomba tushangilie kutoka, kwanza atuonyeshe maandishi.

UMOJA NI NGUVU.