Sharti Likae Kwenye Tendo, Si Mlangoni

Kila msimu wa miradi ya wanafunzi, Mbeya hata Iringa, naisikia kauli ambayo safari hii sitainyamazia: kwamba mfumo mzuri ni ule unaomzuia mtu mapema. Kila kisanduku cha fomu kiwekewe nyota nyekundu. Asiyejaza vyote, asiingie. Wenyewe huuita usalama. Mimi nauita uvivu wa kufikiri, tena uvivu unaomgharimu mtu ambaye hakuwepo fomu ilipobuniwa.

Wabunifu wa Haskell, lugha ya programu iliyojengwa juu ya fanksheni na inayokagua aina za data kabla programu haijaendeshwa, walishaipita njia hiyo. Mwaka 1989 Philip Wadler na Stephen Blott walipendekeza namna ya kukiwekea masharti kigezo cha aina, yaani ile nafasi iliyoachwa wazi ili aina yoyote ya data iingie. Fanksheni ya kupanga orodha haina haja ya kujua kama inapanga uzito wa magunia ya viazi vya Uporoto au majina ya wanafunzi. Inataka jambo moja tu: vitu hivyo viweze kulinganishwa. Sharti hilo huandikwa wazi mbele ya fanksheni, na kompaila humkatalia anayelivunja. Ukali huo nauunga mkono bila kusita.

Tatizo lilikuwa pale lugha iliporuhusu sharti hilohilo liandikwe kwenye aina yenyewe: seti isitambulike ila iwe ya vitu vinavyolinganishika. Ilionekana busara, kumbe haikumsaidia mtu. Fanksheni zilizoifungua seti hiyo zililazimika kulirudia sharti, hata ile inayouliza tu vimo vitu vingapi. Leo maktaba ya kawaida ya seti hudai ulinganifu unapoingiza kitu; unapohesabu haidai. Na mkusanyo wa kanuni uitwao GHC2021 umeiacha nje desturi ile ya zamani.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Kivumishi -zuri hupokea nomino ya ngeli yoyote: mtoto mzuri, kiti kizuri, maji mazuri. Idadi -wili ni kali zaidi, hutaka kinachohesabika. Twasema viti viwili, lakini "furaha mbili" humkwaza msikilizaji. (Mhudumu wa mgahawa pale Mwanjelwa akiagizwa maji mawili huleta chupa mbili, chupa ameiongeza yeye.) Hata hivyo, hakuna mtunga kamusi aliyelifukuza neno furaha kwa kuwa halihesabiki. Sharti ni la kuhesabu.

Sasa turudi kwenye fomu. Mfikirie bibi mkulima wa parachichi huko Rungwe, asiye na simu. Mfumo unadai namba ya simu, la sivyo hasajiliwi. Karani, ambaye si mtu mbaya, anaandika namba ya kijana wa jirani, au sifuri kumi, na kompyuta inaridhika. Siku ujumbe wa mbolea unapotumwa, unamfikia asiyehusika. Namba ile inahitajika na tendo moja tu, la kutuma ujumbe. Kumhesabu bibi huyo au kupima shamba lake hakuhitaji simu. Sharti la mlangoni halikuleta data safi. Lilimfundisha karani kudanganya, kisha likatunyang'anya hata uwezo wa kujua ni nani hana simu.

Nitajibiwa kwamba mlango ukilegezwa takataka zitajaa. Sikusema tulegeze. Tendo la kutuma ujumbe na limkatae kabisa mkulima asiye na namba, tena likatae programu ikiwa bado mezani kwa mwandishi wake, na limlazimishe aseme huyo asiye na simu atafikiwaje: kupitia mtendaji wa kijiji, au kwa tangazo la ubaoni. Huo ni ukali kuliko nyota nyekundu, maana unambana mbunifu badala ya mwananchi.

Kwa wanafunzi wangu watakaowasilisha miradi mwaka huu: kila kisanduku chenye nyota nitakiulizia jina la fanksheni inayokihitaji. Nanyi watumishi wa halmashauri mnaokabidhiwa mifumo hii, ulizeni swali hilohilo kabla ya kutia saini.